Tahadhari: "Mtaalamu" wa kuzuia uvujaji anayepima paa kwa hatua na kuuza ndoo

Ndugu zangu mnaojenga, na hasa nyie ambao tayari mnavujiwa, someni hapa kabla hamjalipa malipo ya awali.

Kuna mtu anajitangaza kuwa mtaalamu wa kuzuia maji kwenye majengo. Mapaa ya zege, matangi, mabafu, vyumba vya chini ya ardhi, hakuna kinachomshinda. Simtaji jina, maana sina hakika kama analotumia leo ndilo atakalotumia kesho, na wa aina yake ni wengi. Nitaeleza anavyofanya kazi, mumtambue kwa hilo.

Nyumba yangu ina paa bapa la zege. Doa la kahawia lilitokea kwenye dari, kwenye kona ya chumba. Jamaa alifika, akapanda juu, akapiga picha tatu, akapima urefu na upana kwa hatua za miguu, akashuka na bei. Hakuuliza paa lina miaka mingapi. Hakuuliza kama doa linakua mvua ikinyesha tu au hata kukiwa kikavu. Leo najua kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Unyevu usiofuata mvua unaweza kuwa ni bomba linalovuja ndani ya ukuta, au mvuke wa humo humo ndani unaogeuka matone ukigusa zege baridi. Hapo paka juu utakavyo, doa litabaki palepale.

Alinipa karatasi moja aliyoiita "usanifu wa kuzuia maji". Ilikuwa na eneo la paa kwa mita za mraba, idadi ya ndoo za rangi ya kuzuia maji, na picha iliyotolewa kwenye kipeperushi cha bidhaa. Hakuna mchoro hata mmoja wa kona, wa bomba wala wa mwisho wa paa. Nikasaini. Hilo kosa ni langu.

Vijana wake walifagia, wakapaka rangi nzito ya fedha kwa rola, wakamaliza siku hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na zege lilikuwa bado limelowa. Jua lilipowaka siku chache mfululizo yakatoka malengelenge ya ukubwa wa kiganja, kwa sababu maji yaliyofungiwa chini yaligeuka mvuke na mvuke ukatafuta pa kutokea. Mvua kubwa iliyofuata, doa likarudi na wenzake wawili.

Nikamkumbusha waranti yake ya miaka 10. Akaniambia nisome vizuri. Nikasoma: haihusu nyufa, haihusu maungio, haihusu mabomba yanayotoboa zege, haihusu mahali maji yanapotuama. Sasa jamani, paa la zege huvujia wapi kama si hapo?

Baadaye nilimwita mhandisi, mama mmoja mtaratibu sana, ambaye alitumia karibu siku nzima. Kwanza aliomba michoro ya jengo. Kisha akamwaga maji kwa mpira, sehemu moja baada ya nyingine, akianzia upande wa chini na kupanda, na kila hatua akishuka kuangalia dari. Katikati ya paa, pale ndoo zote zilipoishia, zege lilikuwa zima kabisa. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kona paa linapokutana na ukuta mfupi wa pembeni, na kuzunguka bomba la kutolea maji. Yaani nilipakiwa rangi pasipovuja.

Aliyonieleza siku ile ndiyo ninayotaka mjue, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye taaluma anapojitenga na muuza ndoo. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa kikweli. Baada ya kazi kuisha linatakiwa kubaki na mteremko usiopungua kama 1 kwa 80, yaani kwenye mita 8 tofauti ya sentimita 10, na msanifu makini huchora zaidi ya hapo akijua kwamba zege halimwagwi kwa unyoofu wa karatasi. Langu lilikuwa karibu tambarare kabisa, na maji yalikuwa yakilala juu yake. Utando wa kuzuia maji, yaani lile tabaka jembamba linalotandazwa juu ya zege, hauishii kwenye uso wa paa. Unapanda ukutani kama sentimita 15 juu ya uso wa paa lililokamilika, na ncha yake inafichwa ndani ya mfereji uliokatwa ukutani au inabanwa kwa pau ya chuma. Kwenye kona hujazwa kwanza kipande cha mshazari, kwa kuwa utando wa lami ukikunjwa pembe mraba hupasuka. Mahali jengo linapoachiwa nafasi ya kutanuka na kusinyaa panahitaji maelezo yake peke yake; ukipitisha rangi juu, jengo likisogea rangi inachanika.

Na kuna mambo ambayo huyajui mpaka umeshafanya kazi hii miaka mingi, kama vile kwamba baadhi ya tando za PVC (aina ya plastiki) zikigusana moja kwa moja na lami huharibika. Hilo halipo kwenye kipeperushi cha yule jamaa.

Jirani yangu naye alikuwa karibu kuingia mkenge huohuo, kwa chumba cha chini ya ardhi. Aliambiwa wapake ukuta kwa ndani, basi. Maji ya ardhini yenye kina cha mita 3 hukandamiza sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu ya karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba, na rangi iliyopakwa ndani inasukumwa ibanduke. Kiwango cha Uingereza cha BS 8102 kinataja njia tatu: kuzuia kwa utando, kuifanya zege yenyewe isipitishe maji, au kuyaacha yaingie kwenye uwazi uliopangwa kisha kuyatoa kwa mfereji na pampu. Ipi ifuatwe, au zipi ziunganishwe, inategemea udongo, kina cha maji na matumizi ya chumba. Huwezi kuamua hayo kwa simu.

Sisemi kila muuzaji wa bidhaa ni tapeli. Wapo wanaokusaidia kweli, na wapo mafundi wasio na cheti ambao mikono yao ni dhahabu. Ila ushauri wa muuzaji huishia kwenye rafu zake. Kupaka ni kazi moja, kusanifu ni nyingine.

Akija kwako, mwombe mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha ndani kana kwamba pamekatwa, wa mahali bomba linapotoboa zege. Muulize unyevu wa zege ataupimaje kabla ya kuanza. Muulize kama atakubali jaribio la kuziba mifereji na kuacha maji yasimame juu ya paa saa 24 au zaidi kabla hujamalizia malipo. Wangu alicheka. Yule mama, kwa upande wake, alikagua kwanza kama zege langu linabeba uzito huo, kwa kuwa maji ya sentimita 5 tu ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba.

Kwa sasa tunabandua ile rangi ya fedha, na kuibandua kunachukua siku nyingi kuliko kuipaka. Kwenye kona nondo zimeanza kutu, na kutu hutanuka na kupasua zege, kwa hiyo hapo inabidi tuchimbe kabla ya kufikiria utando wowote. Karatasi yake ya "usanifu" ninayo. Mwenye kutaka kuilinganisha na aliyopewa aseme, nitaiweka nikishafuta anwani yangu.