Tahadhari: anayeuza vyeti vya kutambua vyuma vyenye kutu vya ufukweni

Ndugu zangu mnaotafuta vyuma ufukweni kwa vigunduzi vya metali, nawaomba mjihadhari na mtu anayejitangaza kuwa mtaalamu, ambaye hudai kwamba picha moja tu inamtosha kutambua kitu chochote chenye kutu na kukiandikia cheti cha umri na thamani.

Nilimtumia picha ya donge la mviringo lililogandamana na mchanga na vipande vya kombe, naye baada ya dakika chache akanijibu kuwa ni tufe la mzinga wa kale. Hakuuliza uzito wala kipenyo, ilhali tufe zima la chuma cha kusubu lenye kipenyo cha sentimita 10 huwa na takriban kilo 3.8, na mipira ya vinu vya kusagia mawe ya madini hufanana nalo mno hata ikawapotosha wazoefu. Baadaye niligundua kuwa mwenzangu aliyeokota msumari alipewa cheti chenye maneno yaleyale, hata kosa la tahajia katika mstari wa tatu.

Lililoniuma zaidi ni chupa ya “dawa ya kutu” aliyoniuzia, ambayo ni tindikali ya hidrokloriki. Chuma kilichokaa baharini kimejaa kloridi, yaani chumvi inayokifanya kiendelee kuliwa na kutu, na tindikali hiyo huiongezea. Wiki chache baada ya kuitumia, donge lilitoa vitone vya majimaji ya rangi ya chungwa, likapasuka na kumeguka kama maganda. Nilipaswa kuliacha ndani ya maji baridi yaliyotiwa magadi kidogo, bila kulikausha wala kuligonga kwa nyundo, hadi mhifadhi wa makumbusho alione. Wahifadhi hupiga kwanza picha ya eksirei, kwa sababu mara nyingine chuma chenyewe kimekwisha kabisa na kilichobaki ni uwazi wenye umbo lake, kisha huondoa chumvi kwa miezi mingi.

Zaidi ya hayo, huyo anayejiita mtaalamu huwahimiza watu wamtumie vitu kwa posta, hata vinavyofanana na kombora au bomu. Tafadhali msikiguse kitu cha namna hiyo. Ondokeni mahali hapo na mwite polisi, kwa kuwa baruti iliyofungiwa ndani ya kutu inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi.

Hubadilisha jina kila anapolalamikiwa, lakini mtamtambua kwa kuwa hudai malipo yote kabla hajauliza swali hata moja kuhusu kitu chenyewe.