Beta-karotini au luteini: kipi kwa retina?

Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno, na mitokondria zake (vinu vya nishati ndani ya seli) hutoa chembe kali za oksijeni zinazoharibu seli. Kukinga hilo, vidonge vya AREDS, utafiti wa Marekani wa magonjwa ya macho ya uzeeni (2001), vilikuwa na beta-karotini, rangi ya karoti, miligramu 15. Utafiti uliofuata, AREDS2 (2013), ukajaribu rangi nyingine za mimea: luteini miligramu 10 na zeaksantini 2.

Beta-karotini hugeuka vitamini A, lakini haijikusanyi kwenye makula, sehemu ya katikati ya retina. Luteini na zeaksantini hujikusanya hapo hapo na kuchuja mwanga wa buluu. Tena katika AREDS2 kundi la beta-karotini lilipata saratani ya mapafu zaidi, wengi wao waliowahi kuvuta sigara. Kwangu ubishi umeishia hapo.

Ila vidonge ni vya wenye ugonjwa wa makula wa uzeeni uliofika hatua ya kati. Mwenye macho mazima ale mchicha wake, wenye luteini.