Kubana matumizi au kuongeza mapato: mgombea wa kaunti aahidi nini?

Mgombea ugavana nchini Kenya anayetaka kura kwa sera ya pesa ana njia mbili: kuapa kubana matumizi, au kuapa kuongeza mapato ya kaunti.

Kubana kunashangiliwa. Taja safari za nje na magari makubwa, umati unalipuka. Tena kanuni za fedha ziko upande wako: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti. Shida iko kwenye ile 35. Kuifikia ni kugusa ajira, na kila mfanyakazi wa kaunti ana ukoo unaopiga kura.

Mapato? Hapo mama mboga anakukazia macho. Ameshika risiti ya ushuru wa asubuhi, choo cha soko hakina maji, nawe unamwambia utakusanya zaidi! Afadhali umwambie atalipa kwa simu, si kumpa karani pesa taslimu, ili zisipotelee njiani.

Mimi ningeanza na kubana, ila kwa tarakimu: wakandarasi wanadai kiasi gani, na nani alipwe kwanza. "Nitapambana na ufisadi" husema hata mafisadi.