Bar M ya Moab: kwa wanaoanza sawa, ila jiandae na mchanga

Haya wadau, mlioniuliza kuhusu ile njia ya baiskeli ya jangwani kule Moab, Utah, Marekani, nimeizunguka mara mbili kwahiyo sasa naweza kuongea. Inaitwa Bar M, mzunguko wa kama kilomita 12, unaanzia parking na unarudi parking ile ile, hamna kuhangaika nani atakuja kunichukua. Naipa nyota 4. Ya tano ntawaambia ilikopotelea.

Mi ni mtu wa lami, mlimani nlikuwa sijawahi kuendesha hata siku moja, alienipeleka ni shemeji yangu ambae kila wikiendi lazima arudi nyumbani na vumbi. Tulikodi baiskeli mjini, duka sitalitaja, ila yule kijana alinijazia upepo tairi likawa gumu kama jiwe, PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 40 na ushee, me nikaona sawa tu si ndo limejaa vizuri. Kufika parking shem akalibonyeza kwa kidole akacheka, "Shem, na hili utarukaruka kama mpira," akatoa upepo mpaka karibu na 25. Nlidhani anataka nipate ajali. Kumbe tairi likiwa laini kidogo ndo linashika, na mikono haikufi ganzi.

Sasa ile miamba. Wenyewe wanaiita slickrock, yani jiwe telezi, na mimi jina hilo likanikaa kichwani nikaanza kuvibana vibreki kama naenda kwenye mtego. Bure kabisa! Jina lilitokana na farasi wa zamani, viatu vyao vya chuma ndo vilikuwa vinateleza, ila mpira unang'ata lile jiwe kama msasa, kuna vimwinuko ukivitazama kwa chini unasema hapa nashuka nasukuma, alafu unaweka gia nyepesi unakanyaga na baiskeli inapanda tu bila shida. (Msasa huo huo ukianguka unakuchubua vizuri, vaa glavu.)

Kilichoniangusha ni mchanga. Unatoka kwenye jiwe na raha zako, ghafla mbele kuna kipande cha mchanga mwekundu, mlaini kama unga, hata hakitishi, urefu wake labda hatua kumi. Nikafanya vile kila mgeni anafanya, nikashika breki ya mbele na kukata kona kidogo nikitafuta pembeni pagumu, gurudumu la mbele likazama likageuka ubavu, mimi huyooo, kiganja cha kulia kikaenda kupiga jiwe. Shem akaniambia mchanga hauogopwi kwa breki: sogeza makalio nyuma, legeza mikono, gia ya kati, kanyaga usiache mpaka utoke upande wa pili, na ukitaka kugeuka subiri kwanza utoke. Raundi ya pili nlipita vyote isipokuwa kimoja.

Kitu kingine, msitoke nje ya njia hata kama mnakwepa mchanga. Pembeni kuna udongo mweusi wenye vinundunundu kama ukoko wa sufuria, ule ni hai jamani, ni vijidudu na kuvu na mimea midogo vinavyoshikilia ardhi isipeperuke, alama moja ya tairi inaweza kuchukua miaka mingi sana kupona. Ukitaka kusimama kupiga picha simama juu ya jiwe. Na picha zipo: tulienda Aprili, huku chini unaungua jua, kule mbali milima ya La Sal bado ina theluji.

Mbigili nao wapo, wale wale wa kutoboa, hakikisha tairi lako lina ile dawa ya maji ya kuziba pancha ndani. Maji ya kunywa njiani hakuna tone, mi lita 3 nlizimaliza. Kiangazi joto linapita nyuzi 38, miezi hiyo kama huwezi kutoka alfajiri bora ulale.

Majina ya njia za pale yamekaa kama chapa za ng'ombe, kuna Bar M, Circle O, Rockin' A na Bar B, unganisha herufi unapata MOAB, nimeipenda hiyo. Ila zote ziko eneo moja na ugumu hautoshani, siku ya kwanza usijikute Rockin' A eti kwa sababu umeona kibao chake. Kama una watoto au unaogopa kabisa, Lazy na EZ ni fupi na laini zaidi. Na msichanganye na Slickrock Trail yenyewe ilioko upande mwingine wa mji, ile ilichorwa 1969 kwa ajili ya pikipiki, ni moto mwingine kabisa.

Nyota ya tano ilipotelea kwenye barabara kuu, 191 iko karibu mno, kile kipande cha mwanzo unasikia malori badala ya jangwa, afu kivuli hamna hata cha kumficha kuku. Shem anasema next time Circle O. Nimemwambia kwanza kiganja kipone.