Wamenipimia udongo Kinyerezi, lakini nani alihesabu nyundo?

Tangu ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, niliapa sitajenga kwa kubahatisha. Nikatafuta kampuni ya kupima udongo. Mtambo walikuja nao kweli, na vijana walipiga kazi juani bila kununa, kwa hiyo siwaiti matapeli.

Ila yule msimamizi! Kipimo chenyewe ni kuhesabu. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, bomba la sampuli linazama sentimita 15, kisha 15 nyingine, kisha 15. Mapigo ya hatua ya kwanza hayachukuliwi. Ya hizo mbili za mwisho yanajumlishwa, na hiyo ndiyo namba anayoitumia injinia kujua ardhi imeshikana kiasi gani. Sasa msimamizi huyo, mwenye daftari la kuandikia mapigo, yuko chini ya mwembe, anaongea na simu. Nyundo inalia, yeye anacheka. Nikamwuliza kwa adabu, "Kaka, hayo mapigo anahesabu nani?" Hata kunitazama hakunitazama. "Mama, hii ni kazi ya kitaalamu, nenda kapumzike."

Kiwanja changu, pesa yangu, nikapumzike!

Ripoti ikaja imepangwa vizuri, kila kina na namba yake. Namba zimetoka wapi? Kwenye maji ya ardhini wameandika "hayakuonekana". Jamani, walichoronga bila kumwaga maji, kwa hiyo yaliyomo shimoni ni ya ardhini, na mimi nilichungulia nikayaona kwa macho yangu. Shimo huachwa maji yatulie, yapimwe hata kesho yake. Langu lilifukiwa kabla ya alasiri.

Dada wa maabara yao alinipokea vizuri, akanieleza mfinyanzi wangu unavyovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jinsi kuta zinavyopasuka kwa hilo. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nusu ya sifa. Lakini yeye anapima anacholetewa, na mfinyanzi unaovimba kwa maji mnaniandikia kwamba maji hakuna? Basi nafuta niliyosema juu. Kuuza namba ambazo hakuna aliyezihesabu ni utapeli, tena wa kuua watu.

Nimemzuia injinia asichore msingi. Nimewaomba nakala ya daftari la siku ile, wananijibu "tutakupigia, mama". Mwenye kuwajua wapimaji hapa Dar wanaohesabu kwa sauti, mwenye kiwanja akiwa amesimama pale, anitajie.