Uzoefu wangu na Quantum ESPRESSO: kuvunja N2O kwa laptopu nikiwa Tabora

Quantum ESPRESSO ni programu ya kompyuta inayokokotoa nishati ya atomu na elektroni zake. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ninachochunguza ni jinsi naitrasi oksaidi (N2O) inavyovunjika inapogusa chuma (Fe) kilichokaa ndani ya zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo sana. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya gesi hii huipasha dunia joto takriban mara 273 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Wala haiko mbali nasi. Mbolea ya CAN inayowekwa kwenye tumbaku ya Urambo na Kaliua ina naitreti, naitreti hutokana na asidi ya naitriki, na viwanda vya asidi hiyo hutoa N2O. Zeolaiti yenye chuma ni moja ya vichocheo vinavyofungwa kwenye viwanda hivyo ili kuivunja kabla haijafika hewani.

Programu hii ni ya bure na ya chanzo huria. Kuipakua bando la kawaida linatosha.

Kwanza chagua umbo ambalo mashine yako inalimudu. Seli (kipande kinachojirudia) ya ZSM-5, aina mojawapo ya zeolaiti, ina atomu 288, na kwa laptopu ya RAM GB 16 huko ni kujitesa. Mimi natumia zeolaiti nyingine, chabazaiti: seli yake ndogo ina silikoni 12 na oksijeni 24. Badilisha silikoni mbili ziwe alumini, weka atomu moja ya chuma kwenye pete ya atomu za zeolaiti, unapata atomu 37. Hapo N2O ikija, oksijeni yake inabaki kwenye chuma na N2 inaondoka. Kazi ngumu inafuata: kuiondoa oksijeni hiyo ili chuma kibaki huru kupokea molekuli nyingine. Neb.x, sehemu ya programu inayotafuta njia ya mmenyuko, inakuonyesha kilima cha nishati cha kila hatua, yaani nishati inayohitajika ili hatua hiyo ivukwe. Nilipoona kilima cha kwanza kikijichora kwenye skrini yangu, hapa Ipuli, nilifurahi kupita kiasi.

Umeme unapokatika, ndipo nilipoipenda zaidi. Kuna mpangilio uitwao max_seconds: unaiambia hesabu isimame yenyewe, kwa utaratibu, kabla betri haijaisha. Umeme ukirudi unaendelea ulipoishia. Hesabu iliyozimika ghafla haina uhakika huo, kwa hiyo usisubiri betri ikuamulie.

Nyota niliyoipunguza ni ya chuma. Chuma chenye chaji mbili ndani ya zeolaiti huwa na elektroni nne zisizo na jozi, na programu inaanza na spini (mpangilio wa elektroni hizo) uliyoipa. Ukianza na spini isiyofaa, inaweza kutulia kwenye jibu lisilo la nishati ya chini kabisa bila kukuonya. Jaribu spini kadhaa kwa kila umbo, linganisha nishati, ndipo uamini. Tena, kuanzia toleo la 7.1 namna ya kuandika marekebisho ya Hubbard (nyongeza ya hesabu kwa elektroni za metali kama chuma) imebadilika, na mafunzo mengi ya zamani mtandaoni bado yanaonyesha ile ya awali. Mwanafunzi asiye na mwalimu karibu anaumia hapo, na hilo linaniuma.

Tarakimu zenyewe zichukuliwe kwa tahadhari. Kulinganisha chuma na kobalti au shaba kwenye seli ileile, inanisaidia sana. Kutabiri kasi kamili ya kichocheo cha kiwandani, hapana. Kwa ZSM-5 nzima, omba muda kwenye seva ya chuo, na peleka faili ulizokwisha kuzijaribu kwenye chabazaiti nyumbani.