Vitz shepu mpya au ya zamani? Kupanga gari ndogo za kununua Unguja na Pemba

Mtu akisema anatafuta gari ndogo, hapa Zanzibar jawabu la mwanzo huwa moja: chukua Vitz. Ushauri si mbaya, ila haujakamilika, kwa sababu Vitz zilizomo barabarani ni za shepu tatu na kila moja ina tabia yake. Ile ya 1999 imeshazeeka, siiweki humu. Ya pili ilitoka 2005. Ya tatu, ambayo madalali ndiyo wanayoiita shepu mpya, Toyota iliitoa Japani mwishoni mwa 2010 ikaendelea hadi 2020, jina la Vitz lilipoondoshwa na gari ikaanza kuitwa Yaris huko huko Japani. Suala linaloulizwa sana ni kama hiyo shepu mpya inastahiki pesa inayozidi. Kwa mtu wa Unguja nasema ndiyo, lakini kwa injini ya lita 1.3 tu. Kwa mtu wa Pemba naanza na gari nyengine kabisa.

1. Vitz shepu mpya, injini ya 1.3

Kuijua ni rahisi. Ina waipa moja tu mbele, na mita ya spidi imerudi nyuma ya usukani. Shepu mbili za mwanzo ziliiweka katikati ya dashibodi, na wako watu hawakuizoea mpaka wakaiuza gari. Ukisoma tangazo, picha iache, tafuta namba ya chesisi. KSP130 ni injini ya 1.0 ya silinda tatu, NSP130 ni 1.3, NCP131 ni 1.5. Kwa nje zinafanana mno, kwa hivyo dalali anayekusifia rangi na AC bila ya kutaja herufi hizo hajakwambia kitu.

Urefu umetoka sentimita 375 ukafika 388.5, na baina ya tairi za mbele na za nyuma pameongezeka sentimita tano. Kwenye karatasi ni kidogo. Ukikaa ndani, mtu mzima anaweza kwenda siti ya nyuma kutoka Mjini hadi Makunduchi bila ya magoti kusukuma siti ya mbele, na buti linapokea gunia la mchele na mikoba ya sokoni pamoja. Injini ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, gharama moja imeondoka. Tairi zake za kawaida ni 165/70 za inchi 14, zina ubavu mnene, na kwenye njia za mawe za shamba zinavumilia kuliko zile nyembamba za rimu kubwa ambazo vijana wanapenda kuzivisha. Spea ndizo zinazoiweka juu kabisa: pedi, bushi, shokapu na taa zinapatikana Mjini, na kisichopatikana kinaagizwa Kariakoo kikaja na boti.

Kasoro zake nazo nizitaje. Ndani ni plastiki ngumu tupu, na barabara ikiharibika kidogo kila kitu kinazungumza. Aprili 2014 Toyota iliibadilisha sura, ikakaza bodi na kuongeza vizuia sauti, jambo linalokuonesha kuwa malalamiko yaliwafikia. Ukiweza, chukua ya kuanzia hapo. Ila mabadiliko hayo yalikuja na injini mpya ya 1.3 yenye mtindo wa kujizima gari inaposimama. Injini ikizima, kompresa ya AC nayo inasimama, na foleni ya Darajani wakati wa joto la kaskazi haina huruma na mtindo huo. Kipo kitufe cha kuuondoa; wengi wanakibonyeza kila wanapowasha gari. Betri yake pia ni ya aina maalumu, bei yake iko juu, na ukiweka ya kawaida huku mtindo ule unafanya kazi itakufa mapema. Iulize betri kabla ya kuulizia redio.

Sasa giaboksi, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Hii ni CVT. Haina meno ya gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili zinazopanuka na kukaza. Uhai wake wote ni oili. Toyota ina oili zake za CVT, ya TC na ya FE, na kila gari ina yake. Fundi akimimina oili ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyobaki dukani, mkanda utaanza kuteleza, na ukishachubuka hakuna oili ya kuurudisha. Muuzaji ukimuuliza oili gani imetiwa akakujibu "ile nyekundu", ondoka.

Kuipima hakuhitaji mashine. Nenda asubuhi, gari ikiwa bado baridi, na umwambie mwenyewe asiiwashe mpaka ufike. Tia D, kanyaga pole pole. Ikitetemeka baina ya spidi 20 na 40, hiyo ndiyo dalili. Kisha tafuta mwinuko wowote, hata ule wa kuingilia gereji, uipandishe kinyumenyume. Inayosita au kuguna hapo iache. Mwishoni fika barabara iliyo wazi, zima redio, sikiliza: mlio unaopanda sambamba na kasi mara nyingi ni beringi.

Na usidhani kuikimbilia shepu ya 2005 ni kuikimbia CVT. SCP90, ile ya 1.3 iliyojaa mitaani, nayo ni CVT. Isiyokuwa nayo ni NCP95, ya 1.3 inayovuta tairi zote nne, ambayo ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Wengi hawaijui, na ukiipata nzima usiiachie.

2. Toyota IST ya 2002 hadi 2007 (na kwa Pemba, hii ndiyo ya kwanza)

Gari inayoshuka kwenye meli Mkoani inaanza kupanda kabla hata haijazoea barabara, na kutoka hapo hadi Chake ni kupanda na kushuka. Weka watu wanne, weka mizigo, ndipo utajua kwa nini naipa IST kongwe nafasi hii. Ina giaboksi ya kawaida ya gia nne ambayo fundi yeyote ameshaifungua, na injini ya 1.3 (NCP60) au ya 1.5 (NCP61). Chukua ya 1.5. Msimu wa karafuu, gari inayobeba magunia kutoka shamba hadi kituo cha ZSTC, shirika linalonunua karafuu, inataka nguvu za chini, si uzuri wa taa.

Ubaya wake ni umri. Iliyo changa kabisa ni ya 2007, kwa hivyo utanunua mipira iliyokauka, bushi zilizokwisha na pengine kutu. Petroli nayo inakunywa zaidi ya Vitz. Kila mwezi ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta hapa, inapotangaza bei, mwenye IST ndiye anayetega sikio. IST ya pili, iliyotoka 2007, ni nzuri kwa sura, lakini ya NCP110 imerudi kwenye CVT na upana wake umefika sentimita 172.5. Kama nyumba yako iko ndani ya vichochoro vya Ng'ambo, pima kwanza njia.

3. Mazda Demio ya kuanzia 2014, ya petroli

Kwa kuendesha tu, hii inazishinda zote humu. Injini ya 1.3, giaboksi ya gia sita isiyokuwa CVT, usukani umetulia, na ndani unahisi umelipia kitu. Ingekuwa ya kwanza kama siti za nyuma zisingekuwa za watoto na kama spea zingekuwa rahisi kama za Toyota. Mtu asiye na familia, anayekwenda kazini na kurudi, nitamshauri Demio bila ya kusita.

Ya dizeli ya 1.5 usiiguse. Ina chujio la masizi linalohitaji safari ndefu ili lijichome na kujisafisha, na Amani hadi Malindi si safari ndefu.

4. Honda Fit

Ina nafasi kuliko gari yoyote ya kiasi chake, kwa sababu Honda waliweka tangi la petroli chini ya siti za mbele. Siti za nyuma zinalala sawasawa au zinakunjwa kwenda juu, ukasimamisha hata friji ndogo. Mwenye duka aitazame kabla ya nyengine. Chukua ya 1.3 ya shepu iliyotoka 2007 au ya 2013, ukaipime CVT yake kama nilivyoeleza juu.

Fit haibridi (ya petroli na umeme) ya shepu ya 2013, yenye chesisi ya GP5, utaiona kwenye mitandao ya Japani kwa bei inayovutia, na bei hiyo ina sababu. Giaboksi yake ni ya klachi mbili, na ndani ya kama mwaka mmoja tangu itoke Honda iliziita gari hizo zirudi kurekebishwa mara tano. Huko wana mawakala kila mji. Sisi tuna fundi na simu yake.

5. Toyota Passo na Vitz, zote za 1.0

Silinda tatu, petroli kidogo, za kupeleka watoto skuli na kwenda ofisini. Kwa Mjini zinatosha. Pemba hapana.

Kabla hujatuma pesa

Kama unaagiza mwenyewe Japani, dai karatasi ya mnada, ile inayoonesha kasoro za gari, na uisome michoro yake. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati. R sehemu ya daraja (alama ya ubora wa gari) maana yake gari ilishagongwa ikatengenezwa. Mimi S na C ndizo ninazozitafuta mwanzo. Gari iliyoishi Hokkaido au Niigata imepita miaka juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na ikifika kwetu inakutana na upepo wa bahari. Kutu iliyoanza kule haisimami Jambiani. Kama gari imeshafika, ipandishe juu, piga tochi kwenye mikunjo iliyo chini ya milango na mahali shokapu za nyuma zinaposhikilia. Bati lililopakwa lami jipya na jeusi tii, lichokonoe kwa bisibisi.

Fungua na buti. Gari nyingi ndogo za miaka ya karibuni hazina tairi ya akiba, zina kikopo cha gundi na pampu. Pancha ya Micheweni usiku haizibwi kwa gundi, basi ingiza bei ya rimu na tairi kwenye hesabu. Redio za Japani nazo kwenye FM zinaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, stesheni za juu ya hapo hazishiki mpaka uweke kifaa cha kugeuza masafa.

Ushuru upigiwe hesabu na wakala wa forodha kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari, na upigiwe kabla ya kulipa. Kama una nia ya kuhamia Bara na gari yako, usidhani kuwa namba ya Z, ya usajili wa Zanzibar, inavuka hivi hivi: waulize kwanza TRA, watoza kodi, kama kuna hesabu nyengine gari ikifika Dar es Salaam, maana muuzaji hatakukumbusha.